Vazi la Mteja Bora

Fundi alikuwa amepiga magoti akimpima Melkizedek urefu wa mkono, na baa nzima ilikuwa ikiwatazama. Mwaka ule wa themanini na mbili nguo mpya ilikuwa habari ya mji. Karatu watu walivaa kiraka juu ya kiraka, halafu huyu mtu wa Machame, mgeni wa juzijuzi tu, alikuwa anashonewa bure.

Tluway aliyaangalia hayo kutoka benchi la nyuma, roho ikimuuma. Hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Ulikuwa wivu, na alikuwa nao kwa miezi.

Tombola ya Elisaria, mwenye baa, ilichezwa palepale kila Jumamosi mchana. Unanunua karatasi ya namba, unaweka punje ya mahindi kila namba yako inapoitwa, ukijaza mstari umeshinda. Lakini wajanja hawakufuata mstari, walifuata kadi. Kwa kila karatasi uliyonunua, Elisaria alikutobolea tundu moja kwenye kadi yako, kwa koleo la kondakta wa basi. Kadi ikijaa, nusu kilo ya sukari bila foleni. Kadi tano, doti ya khanga. Na wa kadi ishirini ndiye Mteja Bora: anakaa kwenye kiti chenye mto mwekundu pale dirishani, analetewa bia, kisha anashonewa vazi kwa kipimo chake mwenyewe.

Tluway aligundua siri mapema. Badala ya karatasi moja kubwa, alinunua kumi ndogo kwa bei ileile. Matundu kumi! "Wenzako wanacheza tu," Elisaria alimsifu, "wewe unatumia akili." Sifa ile ilimkolea kuliko bia.

Na bado Melkizedek akamtangulia. Mtu ana kibanda cha vipuri, ana kahawa Oldeani, aongezewe na kiti?

"Usione vyaelea, vimeundwa," Melkizedek alimrushia neno kutoka kwenye kiti. Alicheka, ila kicheko hakikufika mbali.

Senteu, mhudumu wa baa, alimwekea Melkizedek bia yake. Alikuwa Mmasai wa kule Samunge, mtu mzima, na watu walisema zamani ng'ombe wake walikuwa hawahesabiki. Koti lake jeupe lilikuwa limechakaa viwiko, lakini lilimkaa sawasawa mabegani. Alimtazama fundi akizungusha utepe, akasema polepole, "Kipya kinyemi," asimalizie.

Jumamosi iliyofuata kiti kilikuwa kitupu, na kibanda cha vipuri kilikuwa na kufuli. Watu wakasema Melkizedek amekwenda kwao kujionyesha. Tluway akamwona kabisa moyoni mwake: suti ya bluu, mkono mfukoni, wazee wa kanisa wakimpisha njia. Akausukuma ugali pembeni.

Alikuwa na kadi kumi na nne. Akauza dume lake la ng'ombe, zikawa kumi na saba. Akauza ngano, hadi magunia ya mbegu, zikawa kumi na nane. Likabaki shamba la Mbulumbulu, lile alilomwahidi mwanawe Patrisi, ambaye alikuwa anaoa mwezi wa nane.

"Baba Patrisi," mkewe Leonida alimwambia, mikono imejaa unga, "sukari tunayo. Mtoto akishaoa atalima wapi? Kwenye kadi?"

"Mgeni akae kitini, mimi mwenye nchi nikae benchi?"

Leonida alikung'uta mikono. "Sikujua kwamba miaka yote hii tulikuwa tunamlimia Melkizedek."

Neno lile lilimchoma, lakini wivu ulikuwa umeshamtangulia mlangoni. Jumamosi ya tatu alishuka mjini, akaweka alama ya dole gumba kwenye karatasi ya shamba. Elisaria mwenyewe ndiye aliyelichukua. Akamtobolea kadi mbili za mwisho hapohapo, tundu baada ya tundu, bila hata kuita namba.

"Na usiwe na wasiwasi, mzee wangu," Elisaria alisema akipuliza vumbi la karatasi. "Mimi mteja wangu simtupi, hata akiishiwa. Hajapata kutoka mtu hapa akalala njaa."

Watu walipiga makofi. Tluway alikaa kwenye mto mwekundu, ukabonyea vizuri, na dirishani aliiona barabara yote ya kupandia Ngorongoro, na magari ya watalii yakipita na vumbi lao. Fundi akapiga magoti. Tluway akanyoosha mkono, akajaribu kufurahi. Ikawa kama chai isiyo na sukari, maana aliyemtaka amwone hakuwepo.

"Huyu Melkizedek anarudi lini kutoka kwao?" aliuliza. "Nataka anikute hapahapa."

"Kwao wapi? Hajaenda popote," Elisaria alijibu, akageukia mlango wa jikoni na kupiga makofi mawili. "Bia ya Mteja Bora!"

Melkizedek alitoka na sinia. Alikuwa ndani ya vazi lake jipya: koti jeupe, vifungo vya shaba, limemkaa sawasawa mabegani. Nyuma yake Senteu alikuwa akifuta meza, amevaa koti la aina ileile, ila la zamani zaidi.

Melkizedek aliweka chupa mezani kwa mikono miwili, akainama.

"Kunywa taratibu, mzee," alinong'ona. "Hii ndiyo ya mwisho utakayoletewa."