Gambuti Mlangoni

"Vua gambuti, baba. Nimepiga deki," alisema Nasike.

Mumewe, ambaye siku zote huingia na buti hizo za mpira, alizivua mlangoni, akaingia jikoni peku.

"Ati bado unavaa ndara ndio ufungue friji?" akamcheka. "Mimi haijawahi kunirusha na umeme wake. Inachagua wanawake?"

Mtoto alikuwa amelala mgongoni mwa Nasike, kiganja kilichounguzwa na friji kimefungwa kitambaa. Fundi alikuwa amesema waya umechubuka na unagusa bati, friji isitumike tena. Mume akamfukuza fundi huyo.

"Nipe maji baridi, mama."

Maji ya deki yalipenya kati ya vidole vya miguu ya mumewe. Nasike alizitazama ndara zake kando ya friji, kisha akazisukuma chini ya meza.

"Si uko karibu, baba? Jichukulie."

Mume akanyoosha mkono, bado anacheka.