Nungunungu Aenda Kuposa kwa Gari Safi

Hapo kale, lakini si kale sana maana magari yalikuwepo, Nungunungu mtanashati aliendesha gari lake kwenda kumposa binti wa Mzee Kakakuona. Njiani akapita katikati ya wingu la kumbikumbi. Pa! Pa! Pa! Boneti, taa na kioo vikajaa kumbikumbi wanono waliogandamana.

"Aibu gani hii!" akalia, akaanza kuwakwangua kwa miiba yake. Rangi ikachubuka.

Chura mlafi akachomoza dimbwini. "Acha, kaka! Hawa hawakwanguliwi. Tandika tambara lililolowa maji, ngoja walainike, watatoka wenyewe."

Wakangoja. Kisha Chura akafuta, na kila kumbikumbi aliyetoka akaishia mdomoni mwake. Boneti iking'aa, Nungunungu akajiona humo, akajichekea.

"Panda nyuma," akamwambia Chura, "ukanifutie vumbi tukifika."

Mzee Kakakuona, ambaye kwake hakuna chakula kitamu kama kumbikumbi, akalizunguka gari akinusanusa.

"Shikamoo, baba mkwe. Unaonaje linavyong'aa?"

"Umepita njia ya kumbikumbi, msimu huu, ukaja kwangu mikono mitupu?"

Kabla Nungunungu hajajibu, Chura, tumbo limemtuna, akapiga mbweu. Ua mzima ukanukia kumbikumbi.

Mzee akamkumbatia Chura huku machozi yakimtoka. "Karibu nyumbani, mkwe wangu!"

Kisha akamgeukia Nungunungu. "Na wewe dereva, ligeuze gari. Maharusi wanakuja."