Picha ya Mwisho wa Mkanda

Binti wa studio alicheka Tusekile alipotoa rundo la mikanda ya picha. "Mama, mashine za kuchapisha hizi hazipo tena hapa Tunduma. Peleka makumbusho."

"Nitafutie mume wangu humo," Tusekile alisema.

Marehemu aliwapiga picha watu wa Ileje nzima, lakini yake mwenyewe hakuacha hata moja. Binti yao, aliyezaliwa baada ya mazishi, aliuliza kila siku baba alifananaje. Ndipo Tusekile akakumbuka. Kila mkanda ulipobakiza picha moja, mumewe alimpa kamera ampige yeye, ili mkanda uishe upelekwe Mbeya kusafishwa. Picha hizo hakuzichapisha kamwe. Alisema wateja kwanza.

Binti wa studio alilaza mkanda kwenye kioo cheupe cha kompyuta, akaupiga picha kwa kamera yake ndogo ya dijitali. Likatokea jitu lenye nywele nyeupe na meno meusi.

"Huyo si mtu," Tusekile alisema.

"Subiri, mama." Akabonyeza mara moja.

Rangi zikageuka. Mumewe alikuwa pale, shati halina kifungo cha juu, mdomo wazi, kidole hewani, akimwelekeza mkewe pa kubonyeza.

Tusekile alijifunga khanga upya, akasimama wima.

"Nitolee kubwa."

"Kubwa kiasi gani, mama?"

Tusekile aliutazama mlango wa studio, kutoka juu mpaka chini.