Duara Kwenye Ramani

"Haya magari mawili hayapishani sana," muuzaji alisema, akiwa nyuma ya usukani wa lile la kijivu. "Yote madogo, ya kifahari, na yote yana intaneti. Ila lile jeupe linawaonyesha tu liko wapi. Hili mnalichorea mpaka. Mzee akiuvuka, simu zenu zinalia."

Mzee ndiye mimi. Nilikuwa kiti cha nyuma, kama mzigo. Mlango nilishaujaribu. Haufunguki kwa ndani, eti kwa usalama wa watoto.

Tangu nigonge geti letu kwa gari, wanangu hunizungumzia hivyohivyo, mbele yangu, kana kwamba sipo. Na asubuhi nzima nilidhani wananinunulia zawadi.

"Basi ni hili," alisema binti yangu mkubwa, akaikaribia skrini ya gari, penye ramani na duara la mpaka. Alilibana duara kwa vidole viwili, kama anayechota chumvi, nalo likanywea. Soko likatoka. Kinyozi wangu akatoka. Zikabaki nyumba, duka la dawa na zahanati.

"Hapo panakutosha, baba?" aliuliza, kwa ule upole wa nesi mwenye sindano.

Nimeendesha malori nchi na nchi, mama yao akinisubiri. Sikuwa na nguvu za kugombana.

"Panatosha, mwanangu. Panua kidogo tu, pafike makaburini kwa mama yenu."

Aliitembeza ramani juu, akaishusha, akaipandisha tena. Akamtazama mdogo wake, naye akatazama dirishani.

"Ni upande gani vile, baba?"