Siku Ukumbi Ulipojaa

Norbert alichungulia nyuma ya pazia, akakuta ukumbi umejaa watu wa kwao.

Mwezi mzima alikuwa ameigiza mfalme wa Uajemi mbele ya Waswidi wachache wenye kukohoa. Wakongo wa Stockholm huja harusini bila kualikwa, ila kwenye tamthilia hata uwabebe mgongoni hawaji. "Mzee mzima anavaa magauni," walimtania kanisani. Ilimuuma. Alitaka wamwone mara moja tu, na leo lilikuwa onyesho la mwisho.

Sasa wamekuja. Mzee Mashauri wa kanisani alikaa mstari wa mbele. Vijana wa Märsta walikuwa bado na sare zao za kazi za uwanja wa ndege. Akina mama walijifunga vitenge tu, bila hata hereni. Mlangoni waliacha sufuria za chakula.

"Nani amewaita?" Norbert alimuuliza Mama Béata, jirani yake wa Tensta, aliyemfuata nyuma ya jukwaa.

"Tumejileta." Akanyoosha mkono. "Lete telefone, Papa Heshima. Itakusumbua bure."

Norbert akaitoa ndani ya joho bila kubisha. Tangu mkewe na Heshima, mwanawe wa pekee, wanyimwe viza wakabaki Bukavu, hakuwa na nguvu ya kubishia chochote. Ganzi hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwongozaji alitafuta mfalme asiyelia.

Kitambaa cha bluu kikatandazwa jukwaani, kikawa bahari. Tarishi akapiga magoti: jeshi lote limeangamia. Mchanga mwekundu ukamwagika kutoka darini, polepole, ukamfunika mfalme mabega. Norbert hakutikisika.

Gizani akina mama walianza kulia, kwikwi za kweli. Kumbe naweza, akawaza. Kwa mara ya kwanza tangu viza ikataliwe, alisikia kitu kifuani, na kilikuwa furaha.

Taa zikawaka. Waswidi walipiga makofi, wakatoka. Watu wake hawakupiga makofi, wala hawakutoka. Walipanda jukwaani wote, wakaukanyaga mchanga, wakamzunguka. Norbert akatabasamu, akainama kuwashukuru.

Mzee Mashauri alimvua taji, akamshika mkono.

"Kaa kwanza, ndugu yetu. Sasa tuko wote." Akamkalisha juu ya mchanga. "Mama Heshima alishindwa kukupigia wewe. Alitupigia sisi."