Sheria ya Vichuguu

Mama Kanga alikuwa akifukua mbegu za chakula cha jioni Kunguru alipotua mbele yake.

“Mama Kanga, acha hizo mbegu! Mchwa wanaliomba baraza liwape mbuga yote wajenge vichuguu vya kuhifadhia kumbukumbu za wanyama. Wanasema ni nyasi tupu.”

Mbugani ndiko alikokuwa akiwalea wanawe. Kanga akajikung'uta vumbi, akaenda kwenye baraza la kutunga sheria.

“Wenzangu Mchwa, kumbukumbu zenu ni za kuaminika?”

“Hazijawahi kukosea,” Mchwa Mkuu akajigamba.

“Basi tusomee. Nani wanaishi mbugani?”

Akasoma huku sauti ikizidi kufifia: kanga, kwale, sungura, familia mia tatu.

Baraza likapitisha sheria: vichuguu vijengwe kwenye changarawe, nyasi zisiguswe.

Kanga akarudi, akawamwagia wanawe mbegu, akawahesabu wakila. Kumi na wanne, wote wapo.