Mikono ya Bibi Harusi

Asubuhi ya harusi yake, Saumu aliletewa na shangazi yake glavu ndefu nyeupe.

"Zivae, mwanangu, wageni wasione hayo mabaka."

"Sivai, shangazi."

Aliketi katikati ya wanawake waliokuja kumpamba, akafungua dawa aliyopewa na daktari, akaanza kujipaka viwikoni taratibu, kichwa juu.

Mama mkwe wake akaingia.

"Unapaka nini?"

"Dawa, mama. Nina pumu ya ngozi. Haiambukizi, nami siifichi."

Mama mkwe akainama, akayatazama mabaka.

"Na mgongoni unajipakaje?"

"Mkono haufiki, mama."

Mama mkwe akaketi nyuma yake, akaanza kuvua pete zake, moja baada ya nyingine.